Kabla ya kununua pompa ya joto ya Ulaya, angalia kwanza klima yako ya ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na munisamehe kama itakuwa ndefu, mimi ni fundi wa frigo na klima, vile viyoyozi vya nyumba, siko mtu wa kuandika, lakini hii jambo imenikaa kwenye koo tangu muchapishe ile makala ya kuchagua pompa ya joto, mashine ya kupasha nyumba. Makala ilikuwa nzuri, sikatai, ila ukisoma unaona wazi iliandikwa kwa mtu wa Liège, kule Ubelgiji, mwenye theluji kwenye dirisha. Sisi tuko Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Baridi yetu tunaijua, ni ya kipwa, msimu wetu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, usiku kipimo kinashuka chini ya digri 10, asubuhi watoto wanaenda masomo wamejifunika mpaka masikio, halafu saa nane ya mchana watu wale wale wako kwenye kivuli cha muembe wanalalamikia jua. Sasa juu ya ile baridi ya usiku mtu anaambiwa achimbe mashimo ya mita 100 kwenye parsele yake, avute joto ya udongo?

Nianze na kitu chenyewe, kwa maneno ya fundi. Enda jikoni, weka mkono nyuma ya frigo. Ile joto unasikia pale, sehemu kubwa ilitoka ndani, kwenye nyama na bia yako. Frigo haikuitengeneza, imeihamisha tu, na umeme umetumika kusukuma gesi kwenye mabomba. Pompa ya joto njo ile ile, ila yenyewe inatoa joto nje na kuileta ndani ya nyumba. Ata hewa ya digri 7 iko na joto ya kuchukua, juu gesi ya ndani ya mabomba inachemka kwenye baridi kali kuliko hiyo. Wazo si la jana, Lord Kelvin wa Glasgow alilieleza mwaka wa 1852, na kule Zurich waliweka mashine kwenye jumba la mji mwaka wa 1938 ikivuta joto kwenye maji ya mto Limmat.

Faida yake ni hesabu moja tu. Shofaje ya waya, ile inakuwa nyekundu, ukiipa kilowati 1 ya umeme inakupa kilowati 1 ya joto, basi. Pompa ya joto ukiipa 1 inakurudishia 3, kuko zinafika 4. Ile namba njo wanaandika COP kwenye karatasi. Na hapa kuko kitu wauzaji wengi hawasemi, sijui kama wanajua: ile COP ya karatasi kwa kawaida imepimwa nje kukiwa digri 7. Digri 7, Ndugu Mhariri! Ile karibu njo usiku wetu wa mwezi wa saba. Kwa wenzetu wa Ulaya namba ya karatasi ni ya siku ya neema, baridi ikizidi inashuka, kwetu namba ya karatasi karibu ni ya usiku wa kipwa, jua likitoka inapanda. Tena kipwa yetu ni kavu. Kwenye hewa yenye unyevu ile sehemu ya nje inajifunga barafu, mashine inasimama kuyeyusha, joto inakatika, dakika kumi unasikia baridi. Hapa hewa haina maji ya kutosha ya kuisumbua sana.

Kwa hiyo ile sababu kubwa ya kuchagua pompa ya udongo, ile wanaita jeotermi, kwetu haipo. Musinielewe vibaya, ni mashine nzuri. Huko Suedi wanazipenda, na wako na haki, nje iko digri 15 chini ya sifuri lakini udongo chini, mbali kidogo, unabaki vile vile mwaka mzima. Pompa inapumzika kwenye ule udongo. Sasa sisi udongo wetu utatupa nini ambacho hewa haitupi? Joto zaidi ya usiku tu, miezi miwili. Na kuzipata unalipa mashine ya kuchimba, mabomba, maji yenye dawa ya kuzunguka ndani, na fundi ambaye kama bomba inavuja mita 60 chini atakuangalia tu na wewe utamwangalia.

Kuna aliyeniuliza, fundi, nyumbani niko na foraje tayari, kisima cha kuchimbwa na mashine, si nivute joto kwenye maji ya foraje? Swali ya akili. Inawezekana kabisa, maji yanapita kwenye mashine, yanaacha digri chache, yanarudi. Ila kwanza angalia ndani ya resho yako, ile ya kuchemshia maji. Kama iko na ile nyeupe imeganda kama chokaa, ujue njo itaganda vile vile kwenye mashine, kwenye vinjia vidogo sana, na kuisafisha kila mara si mchezo. Halafu ile pompa ya foraje nayo inakula umeme, saa zote mashine inatembea. Ukijumlisha, faida inakuwa kidogo.

Sasa nifike kwa ile iliyoniumiza roho. Kuko muzee mmoja, mteja wangu wa miaka, nyumba nzuri kwenye mtaa wa Golf. Leki yake, mdogo wake, iko Ubelgiji, huko anafanya kazi ya shofaje, akamuambia kaka yake, achana na klima, weka pompa ya hewa na maji kama ya kwangu, nyumba yote joto, maji ya kuoga joto, kitu kimoja. Ikanunuliwa, ikapakiwa kwenye konteneri, ikazunguka bahari, ikapita mpaka wa Kasumbalesa, siku ya kufika muzee akaniita nije kuifunga. Nikafungua karatoni, mashine kama kabati, feni mbili, nzuri kweli. Nikasoma plaki ya ubavuni, kile kibati cha maelezo. Trifaze, umeme wa faze tatu. Volti 400. Muzee nyumba yake iko na waya mbili zinaingia, monofaze kama nyumba nyingi za hapa. Nikamuambia papa, hii haiwezi kuwaka hapa. Akaniambia fundi tafuta njia. Njia iko, omba trifaze, ngoja. Na ata ikipatikana, ile mashine inapasha maji, na yale maji yanatakiwa yaende kwenye radiatere, vile vyuma vya ukutani vya kupasha chumba, ao kwenye mabomba chini ya sakafu. Muzee hana radiatere ata moja. Hakuna mtu Lubumbashi anajenga na radiatere! Tungevunja karo zote za sakafu, zile za kung'aa alizoweka juzi, tupitishe mabomba chini, kwa ajili ya wiki nane za baridi ya usiku.

Mashine iko garaji mpaka leo, chini ya turubai. Kuku wanapanda juu.

Muuzaji wa kule hakuuliza ata swali moja. Si umeme wa nyumba, si hali ya hewa, alipima mita za nyumba na kutoa fakitire. Sitaji mtu, lakini roho inauma, juu zile dola zingefanya kazi ingine kabisa.

Ile siku, muzee akilalamika, nikainua macho, salon yake iko na klima ukutani. Nikamuomba telekomande. Nikamuonyesha alama ya jua. Papa, hii alama unaijua? Akasema ile nafikiri ni ya kuonyesha mchana. Miaka mine, Ndugu Mhariri, miaka mine iko na pompa ya joto ya hewa na hewa, ile inavuta joto kwenye hewa ya nje na kuitia kwenye hewa ya ndani, juu ya kichwa chake na kila kipwa analala na blangeti tatu.

Njo hii nataka wasomaji wasikie. Klima ile wanaita reversible NI pompa ya joto. Si kama pompa, si ndugu yake, ni yenyewe. Ndani iko na valvu ya njia ine inayogeuza mwendo wa gesi, mwezi wa kumi inatoa joto ndani kuipeleka nje, mwezi wa saba inageuka inaleta ndani. Kwa nyumba nyingi za hapa, aina ya pompa ya joto inayofaa ni hiyo, ya chumba kimoja kimoja, 9,000 BTU, kile kipimo cha nguvu ya klima, kwa chumba cha kulala, 12,000 kwa salon ya kawaida, na ile ya 12,000 inatoa kama kilowati 3.5 za joto na kuvuta kama kilowati 1 ya umeme. Na haifanyi kazi miezi miwili tu ikalala, juu mwezi wa tisa na wa kumi, mbele mvua haijaanza, inakutumikia upande wa baridi. Ile ya radiatere ingelala miezi kumi na kuku juu.

Lakini mujihadhari kwenye kununua, juu klima nyingi za bei ndogo ni za baridi tu, hazina ile valvu. Na usiamini telekomande! Fabriki inaweka telekomande ile ile kwa mashine zote, alama ya jua iko lakini ndani hakuna kitu. Angalia plaki ya mashine ya nje: kama inaandika nguvu mbili, ya baridi na ya joto, ni yenyewe. Kama inaandika ya baridi peke yake, hapo umenunua feni ya bei kali kwa mwezi wa saba.

Na ukiiwasha kwa joto, tulia. Mama mmoja wa Bel-Air aliniita saa tatu ya usiku, fundi klima uliniuzia imekufa, inawaka taa lakini haipulizi. Nikamuambia mama, ngoja dakika tano usifunge telefoni. Tukangoja, ananisimulia harusi ya mtoto wa dada yake, katikati ya harusi akapiga kelele, eeh, inapuliza, ni ya moto! Haikuwa na shida. Ile feni ya ndani inangoja mpaka bomba ipate joto, isikupulizie baridi usoni. Na mara moja moja utasikia tshiii kubwa, ni valvu inageuka, na mashine ya nje itadondosha maji, yote ni kawaida, musinipigie.

Kuko watu watasema klima ni ya wakubwa, sisi tuko na mbabula, jiko letu la makaa. Najua, nimezaliwa Katuba. Ila hapa sitanii: mbabula ndani ya chumba cha kulala, mlango umefungwa juu ya baridi, ile gesi ya makaa haina harufu wala rangi, inakulaza na hauamki. Kila kipwa tunasikia habari za namna hii. Kama hakuna njia ingine, iwashe nje na iache nje, kabisa, si kuiweka kwenye korido. Na kwa mwenye uwezo kidogo, kabla ya mashine yoyote, ziba nyumba. Nyumba zetu ziko na malata juu na plafo, ile dari, ya kupasuka, madirisha ya naco yale ya vioo vya kupangana hayafungi ata siku moja, pale chini ya mlango panya anapita akiwa amesimama. Klima ya 9,000 kwenye chumba kilichozibwa vizuri inashinda ya 18,000 kwenye kapu. Rido nzito za dirisha, plafo nzima, kipande cha mpira chini ya mlango. Hiyo kazi haina fakitire ya Ulaya njo maana hakuna mtu anaisema.

Tuje kwa maji ya kuoga, juu kwa mawazo yangu hapa njo pompa ya joto ingetusaidia kuliko kwenye chumba. Wengi wenye nacho wako na boila ya rezistansi, tanki la maji linalopashwa kwa waya. Hesabu: lita 200 kuzitoa digri 20 mpaka 55 inataka kama kilowati-saa 8. Boila ya wati 1,500 itachukua saa tano na zaidi, na nani hapa anapata umeme saa tano mfululizo bila delestaje, ile kukatiwa umeme kwa zamu, na volti sawa? Kuko boila ya pompa ya joto, ile wanaita termodinamiki, ni tanki na kimashine kidogo juu yake, inavuta joto kwenye hewa ya chumba inaitia kwenye maji. Kazi ile ile inaifanya kwa kilowati-saa 3 hivi, na inavuta wati 500 ao 600 tu, ndogo kuliko pasi ya nguo. Saa ni zile zile, lakini haiombi nguvu nyingi kwenye laini, na mwenye plaki za jua na ondilere, ile inageuza umeme wa plaki kuwa wa nyumba, anaweza kuitembeza bila kuogopa.

Siri yake ni saa. Usiiache iamue yenyewe. Ipange itembee saa ine ya asubuhi mpaka saa kumi ya mchana, pale hewa inafika digri 25 ata mwezi wa saba, inachukua joto kwa urahisi na plaki zako ziko kwenye jua kamili. Tanki lina ganda nene, maji yatakuwa moto jioni na asubuhi bado. Mara moja kwa wiki ipandishe mpaka 60, juu ya vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu. Na usiifungie kwenye kachumba kama kabati, inataka hewa, wanasema chumba cha mita kibe 20 angalau, juu inatoa hewa baridi pale inapokaa. Kuko mama niliyemfungia kwenye depo yake nyuma ya jikoni, mara ya kwanza akanuna kwamba depo imekuwa baridi, siku hizi njo pale anaweka tomati na sombe yake.

Nitasema ukweli ata kama unaniondolea kazi: mtu mwenye paa lililotazama jua vizuri, boila ya jua ya kawaida, mabomba juu ya malata, ni rahisi na haina kompresere, ule moyo wa kusukuma gesi, ya kufa. Kipwa yetu mbingu iko wazi, hakuna wingu. Ile ya pompa ni kwa mwenye paa la kivuli, ao mwenye plaki tayari na umeme wa mchana unaopotea bure.

Kuhusu umeme wenyewe, hapa fundi wote watakubaliana nami. Chagua klima ya inveta, ile inaanza polepole. Zile za zamani za kuwaka-kuzima zinavuta ampe nyingi sana pale kompresere inaamka, taa za jirani zinainama. Lakini inveta iko na karata ya elektroniki, na karata inachukia volti zetu, asubuhi 170, usiku wa manane 250. Karata nilizotoa zimeungua ningejaza nazo meza. Kwa hiyo usinunue klima ya dola nyingi ukakataa kifaa cha kulinda volti, na kiwe kile kinachongoja dakika tatu ao tano umeme ukirudi, juu gesi inataka kutulia upande zote mbili mbele kompresere ianze tena. Delestaje haiui kompresere kwa kuondoka, inaiua kwa kurudi na kuondoka na kurudi ndani ya dakika moja.

Gesi, kwa haraka. Mashine za okazioni, zile zilizotumika, zinazokuja na konteneri nyingi bado ziko na gesi ya R-22, ile inaharibu ozoni, Ulaya ilikataza kuijaza kwenye mashine tangu 2015 njo maana wanatuletea. Usinunue. R-410A haigusi ozoni lakini kilo moja ikitoroka inapasha dunia sawa na kilo 2,088 za gesi ya kaboni, R-32 ni 675, na R-290 ambayo ni propane ya kupikia ni karibu hakuna kitu, ila inawaka moto, isiguswe na mtu wa sigara. Makubaliano ya kupunguza hizi gesi yalipitishwa hapo tu kwa majirani, Kigali, mwezi wa kumi 2016. Kwa leo chukua R-32, ndiyo unaipata na mafundi wanaijua, na fundi akikuambia ataachia gesi ya zamani hewani juu ni haraka, mfukuze. Ah, na mabomba yawe ya shaba kweli, si aluminiamu iliyopakwa rangi. Kuwa Katanga, nchi ya shaba, na kuuziwa shaba ya uongo, hiyo ni aibu tu.

Muzee wa Golf alinipigia juzi, anauliza kama ile mashine ya garaji inaweza kuuzwa. Nikamuambia papa, ndiyo, lakini si kwa nyumba. Tafuta hoteli yenye trifaze, yenye kufua mashuka kila siku, yenye wageni wa kuoga asubuhi na jioni, pale maji ya moto yanatakiwa miezi kumi na mbili, pale itafanya kazi yake. Kesho naenda kuipima gesi kwanza na kuwatoa kuku.

Frigoristi wa Katuba,
Lubumbashi